Chozi, Nyuma ya Kituku

Kwanza niliandika: mweusi.
Saa kumi na mbili na robo, ukungu haujaamka ziwani,
nyuma ya soko la Kituku, pale lava ilipofika majini
ikazimika, ikawa mawe yanayokata viatu.
Ndege mmoja, mweusi, mdogo kuliko kidole gumba.
Hapana. Futa. Ukimtoa mkia, ni kiganja changu.
Jicho lenye haraka hutia chumvi
hata linapopunguza.

Kazi yangu ni kushona magunia.
Maharagwe yanashuka kwenye boti za Minova,
nami nayafunga midomo kwa sindano iliyopinda.
Kwa hiyo mdomo wake niliujua kabla sijamjua mwenyewe:
sindano ileile, mkunjo uleule,
unaingia uani, unatoka na mbochi,
na hakuna uzi unaobaki nyuma.

Maua hayo hakuna aliyeyapanda.
Yameota kwenye nyufa, rangi ya chungwa,
mipira ya miiba iliyotungwa kwenye shina moja
kama ghorofa za mtu aliyejenga bila kibali.
Alipanda ghorofa kwa ghorofa, akibisha kila mlango.

Kavugho, mtoto wa dada yangu, akaja na bidoni mbili za njano.
"Mama mudogo, unaangalia nini?"
"Chozi."
Akanitazama usoni, akanitazama sana.
"Nani amekuliza?"

Nikamweleza: kuna chozi la jicho, wingi wake machozi,
na kuna chozi wa mabawa, ambaye wingi wake ni chozi vilevile,
hata wakiwa mia.
Akasema basi huyo wa mabawa ana bahati.
Sikumjibu. Jua lilikuwa linavuka mpaka
kutoka upande wa Gisenyi, bila kuonyesha kitambulisho,
na lilipomgusa
weusi ule ukafunguka.

Kichwa, kijani cha sarafu iliyosahauliwa kwenye maji.
Mgongo, sufuria iliyosuguliwa kwa majivu.
Begani, ganda la biringanya.
Akageuka, vyote vikazimwa.
Niliandika kijani, nikakata.
Shaba, nikakata.
Zambarau, nikaweka alama ya kuuliza,
na kalamu ikatoboa karatasi.

Kitabu ninacho. Nilikiokoa kwa muuza karanga
aliyekuwa akikichana kurasa za kufungia,
nacho kilikuwa kimeshakunywa mvua mbili.
Kurasa za chozi zimegandana.
Ukizibandua, rangi ya huyu inahamia kwa yule,
unabaki na ndege mmoja mwenye kifua cha kila mtu.
Walionusurika ni wawili: chozi kijani na chozi shaba.
Wote weusi kwenye kivuli.
Wote na nyuzi mbili ndefu mkiani.
Nikakaa kwenye jiwe. Nikahesabu magunia yanayoningoja.

"Na ule mwingine?" akauliza Kavugho.
"Mwingine yupi?"
"Ule wa chini. Ule haina rangi."

Nusu saa nzima nilikuwa hapo, na sikuwa nimemwona.
Chini kabisa ya shina, rangi ya vumbi la gunia,
mdomoni ana utando wa buibui, wa kufungia kiota,
kifua njano iliyofifia,
na juu ya njano hiyo, michirizi,
michirizi mingi, kama mtu anayejaribu kalamu
aone kama bado ina wino.
Nikafungua kitabu kwa kucha, taratibu.
Mstari mmoja ulikuwa mzima:
jike la shaba, njano kwa chini, lenye michirizi.
Dume juu aliendelea kubadili nguo.
Hakuna aliyemuuliza tena.

Nikaandika, safari hii bila kukata:
Chozi shaba. Wawili. Mawe ya Kituku, kabla ya saa moja.
Jike ndiye aliyetaja jina.
Aliyeona: Kavugho, bidoni mbili,
moja inavuja.